Sajini Aliyeukuta Msiba Wake Mwenyewe

Marehemu, ambaye jeshini alijulikana kwa jina la Kamba, alizaliwa tarehe 9 Machi 1950, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga.

Shule aliyosoma ilikuwa nyuma ya nyumba yao, na bado alichelewa kuliko waliotoka mbali. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1968.

Mwaka 1970 alijiunga na jeshi, akafunzwa kupakia na kufunga mizigo kwenye ndege za usafirishaji. Jina la Kamba alipewa kwa sababu hakuacha kitu bila kukifunga, hata begi la mkubwa wake.

Alifunga ndoa mwaka 1976 na karani wa posta, wakajaliwa mabinti wawili na mwana mmoja.

Asubuhi ya tarehe 14 Agosti 1987 ndege yao, iliyobeba askari na mahema, iliishiwa nguvu mara tu baada ya kuruka, ikaanguka shambani, nje kidogo ya uwanja. Kamba alitokea mlango wa nyuma, mkono umevunjika, kisha akarudi ndani ya moshi kuwakata mikanda wenzake walionasa. Aliwatoa watatu. Rubani na wengine hawakupona, na Kamba hakuacha kuwatembelea wajane wao.

Nyumbani taarifa ilifika kwamba hakuna aliyesalimika. Kesho yake gari la hospitali lilimshusha mlangoni, akakuta uani viti vya kuazima na majirani wanalia. Akamuuliza shemeji yake taratibu, "Nani amefariki?" Shemeji alimsukuma tu ndani. Mkewe hakupiga yowe. Alimpapasa uso, shingo, na mkono uliobaki mzima, kisha akasema, "Kaa hapo hapo. Usiende popote." Waliokuja kulia walishinda wakicheka.

Hakuruka tena. Alifundisha vijana upakiaji hadi alipostaafu mwaka 2002, na wajukuu aliwafunga mikanda hata kwenye gari lililoegeshwa.

Mwaka 2019 mapafu yalianza kumsumbua. Miezi ya mwisho alilala ameketi, na ilituuma sisi watoto wake kumtazama. Tarehe 2 Juni mwaka huu, adhuhuri, pumzi ilimlegea, akaomba chai, akanywa kidogo, akafariki amelalia mkono wa mkewe.

Mama ameagiza maneno yake haya yasomwe yalivyo: "Mwaka ule nilimlilia sijamuaga. Safari hii tumeagana, na moyo wangu umetulia."

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na dada mmoja.

Alale salama, na amani iwe naye.