Bibi Hilana Bakhit wa Akhmim, na Maswali Aliyoletewa Mlangoni

Mwezi wa Agosti mwaka huu, mara tu baada ya Sikukuu ya Bikira, maneno yalianzia kwenye tanuri la mtaa, na kabla mikate haijaiva yalikuwa yameshafika kanisani. Jirani mmoja alisema, "Mmemwona Mama Nagib? Liturujia nzima kafunga mdomo. Watu wanaitikia 'Bwana hurumia,' yeye kimya kama ukuta. Hata Baba Yetu hakusali."

Mwingine akadakia, "Si ndiye aliyekuwa akitutupia aya kama mtu anayetupia kuku mahindi? Leo mahindi yamekwisha?"

Wakacheka. "Imani imemtoka yule bibi," akamalizia wa kwanza. "Ndiyo maana siku hizi ukimpelekea swali anakufukuza. Nenda kwa padri, nenda kwa Abuna."

Mahrail, mke wa Bakhum, mjukuu wa Bibi Hilana, yaani huyo Mama Nagib, alikuwa pale na mtoto kifuani. Aliinama akageuza mikate yake, lakini maneno yale yalimchoma kuliko moto wa tanuri. Jirani aliyeyasema yupo hapa msibani leo. Ndiye aliyeleta maji ya kumwoshea marehemu, na ni yeye mwenyewe aliyeomba yasomwe mbele za watu, ili na ukweli wake usomwe.

Hilana Bakhit Sidrak alizaliwa tarehe 6 Mei 1941 hapa Akhmim, mtoto wa tatu wa Bakhit Sidrak, mfumaji wa hariri, na mkewe Tafida. Mama yake alipenda kusimulia kwamba siku ya ubatizo, padri alipomwinua kutoka majini mara ya tatu, mtoto hakulia. Alikamata ndevu za padri akakataa kuziachia, mpaka shemasi akasaidia kumfungua vidole. Watu wakasema, "Huyu atakuja kuwasumbua makasisi."

Alianza shule ya wasichana ya kanisa mwaka 1948 na kumaliza darasa la sita mwaka 1954. Alitamani kuendelea, lakini macho ya baba yake yalikuwa yameanza kufifia na mtambo wa kufumia haukuweza kukaa bure. Akaketi yeye. Zaburi alizofundishwa shule ya Jumapili alizipeleka kazini: kila uzi ulipopita aliutia mstari wa zaburi, na walioishi jirani walijua ameanza kazi kwa kusikia sauti yake kabla ya kusikia mtambo. Alifuma kwa miaka arobaini na mitano, mashuka ya maharusi na vitambaa vya meza, na pazia la hekalu la kanisa hili ni kazi ya mikono yake. Asiyejua na ajue leo. Mwenyewe hakulisema, na alikataza lisemwe akiwa hai.

Tarehe 19 Novemba 1961, Jumapili, alifunga ndoa na Labib Ghattas, fundi wa pampu za mashamba, siku chache kabla ya Saumu ya Krismasi kufunga mlango wa harusi. Labib alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema mke wake anasema ya wote wawili, na yeye anakula ya wote wawili. Mungu aliwajalia watoto wanne, naye akamchukua mmoja, Sabri, akiwa mchanga, mwaka 1966. Labib alilala katika Bwana tarehe 4 Machi 1997.

Hakuwa mtawa, wala hakuwa na cheo chochote kanisani. Lakini mlango wake haukukauka watu. Walikuja na yale ambayo mtu anaona haya kumsimamishia padri njiani: je, ni dhambi kuvaa wanja siku ya Komunyo, je, nimsamehe shemeji ambaye hajaomba msamaha, je, niende kufuturu kwa jirani Mwislamu aliyenialika? Kwa hili la mwisho alimfungulia mwuliza waraka wa Paulo, palipoandikwa kwamba ukialikwa na ukitaka kwenda, nenda ule, kisha akamwambia, "Na usiende mikono mitupu, usitutie aibu."

Hakuna aliyejibiwa kwa mdomo tu. Alijua kila neno lilipo, lakini alikulazimisha uweke kidole chako mwenyewe kwenye mstari wa Kitabu, usome. Asiyejua kusoma alishikwa kidole na kutembezwa nacho, neno kwa neno. Jambo la padri alilipeleka kwa padri. Mahrail, aliyekuwa akikaa pembeni akichambua maharage, aliona watu wakiingia wamejikunja na kutoka wamenyooka. Mara nyingi alisahau maharage mkononi.

Siku moja alikuja mama mmoja akihema. Alikuwa amemwekea Mtakatifu Girgis nadhiri ya kondoo dume kijana wake akifaulu mtihani, na kijana alikuwa ameanguka.

"Sasa kondoo ni wa nani, Mama Nagib? Mtakatifu hakufanya kazi yake."

"Mwanao je, alifanya ya kwake?"

"Alisoma kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Ah, Mama Nagib! Alikuwa na mpira."

Bibi Hilana alimfungulia kitabu cha Mhubiri, mahali panapoonya mtu asiharakishe kinywa mbele za Mungu, wala asiweke nadhiri asiyoipima. Yule mama alisoma, akanywea. "Uliahidi akifaulu, na hakufaulu, kwa hiyo hudaiwi," Bibi akamwambia. "Ila kijana wako yuko wapi saa hii?"

"Amejifungia ndani. Tangu juzi hali kitu."

"Basi huyo ndiye wa kushughulikia. Kondoo anaweza kungoja."

Mahrail mwenyewe alikuwa na lake. Alifika nyumba ya Bibi Hilana kama bi harusi mwaka 2016 kutoka kijiji cha upande wa Girga, mkimya, elimu yake ya msingi tu. Binti yake Demiana alizaliwa Desemba 2017, na Saumu Kuu ilipofika alifunga pamoja na wote, bila kumwambia mtu: hali wala hanywi mpaka alasiri, kisha maharage na mkate. Kwao wanawake walijisifia kufunga hata wakinyonyesha, naye hakutaka aonekane wa imani haba. Maziwa yakapungua. Mtoto alivuta, akaachia, akalia, mpaka sauti ikawa nyembamba kama ya paka.

Bibi Hilana aliangalia siku kadhaa. Kisha akaketi karibu yake.

"Mwanangu, unafunga?"

"Ninafunga, Bibi."

"Na Demiana umemuuliza kama anafunga?"

Mahrail alilia. Alipewa Injili, akaweka kidole pale Bwana anaposema anataka rehema kuliko sadaka. "Soma tena," Bibi akasema. Akasoma tena. Kisha akashikwa mkono mpaka kwa Abuna Bisada, padri wetu, ambaye alimpa ruhusa kabla hajamaliza kuuliza. Waliporudi, Bibi aliwasha jiko akakaanga mayai kwa samli, katikati ya Saumu Kuu, dirisha wazi.

"Bibi, funga dirisha! Harufu itafika mtaani!"

"Ifike. Kuna mama mwingine huko anayehitaji kuinusa."

Mwenyewe jioni ile alikula maharage makavu bila hata mafuta. Demiana ndiye huyu anayekimbiakimbia uani leo.

Tarehe 17 Januari 2019 Bibi Hilana alipatwa na kiharusi. Alilazwa Sohag, akarudi nyumbani baada ya wiki mbili. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito, lakini aliongea vizuri, na sote tukamshukuru Mungu tukidhani yameisha. Nguvu zake zilipungua tena mwezi wa Oktoba. Jumapili ya tarehe 10 Novemba Abuna Bisada alimletea Komunyo nyumbani, na alfajiri ya Jumanne tarehe 12 Novemba 2019 alilala, akiwa na umri wa miaka sabini na minane, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Ameacha watoto watatu: Nagib, Fayza wa Aswan, na Samir; pia dada yake mwenyewe Aziza wa Tahta, wajukuu tisa, vitukuu wanne, na mtaa mzima unaojiuliza sasa utauliza kwa nani. Bwana amweke kifuani pa baba zetu Ibrahimu, Isaka na Yakobo, pale ambapo machozi hayana njia ya kuingilia, naye apumzike huko kwa amani hadi tutakapomfuata.

Yamebaki yale ya tanuri.

Siku iliyofuata uvumi ule, Mahrail alipanda kwenye paa, ambako madonge ya unga yalikuwa yanaumuka juani na Bibi Hilana ameketi kivulini akiwafukuza ndege. Alikaa, akampa Demiana ziwa, kwani alikuwa hajamwachisha.

"Bibi, watu wanasema."

"Watu wana midomo. Wanasema nini?"

Mahrail akamwambia yote, hakuficha. Bibi aliposikia ya kuku na mahindi alicheka hadi akakohoa. "Hilo nimelipenda. Nani kalisema? Aa, usiniambie." Kisha kicheko kikamwisha. "Lakini hawajakosea sana, mwanangu."

Akamweleza. Tangu kiharusi, kila alichokuwa amekihifadhi kichwani kilikuwa kimemtoka. "Naweza kukuambia niletee maji. Paka naweza kumtukana. Lakini nikisema 'Baba Yetu,' naishia hapo hapo. Mbele naona ukuta mweupe. Zaburi zote, Mahrail, zote za mtamboni. Nafungua Kitabu, na herufi zinanikimbia. Nikisomewa asubuhi, jioni hakuna kitu. Niliwafukuza watu kwa sababu sina cha kuwapa, na Abuna sikumwambia, kwa kuwa nilijua atanihurumia."

Mahrail hakuwahi kumwona akiogopa. Alimwona sasa.

"Leo mimi ndiye mwenye swali," Bibi akasema. "Mtu akiyasahau maneno yote ya Mungu, bado ni wa Mungu?"

"Bibi, mimi ni wa darasa la sita."

"Na mimi ni wa la ngapi?"

Mahrail akafanya kama alivyofundishwa: akashuka, akaleta Kitabu, akakilaza gotini, mtoto bado akinyonya. Zile wiki Demiana alipokuwa akilia, alikuwa amezoea kutafuta kila mahali panapotajwa mama na mtoto, na mahali pamoja alipakumbuka. Akafungua Isaya. Akamshika Bibi kidole, akakiweka kwenye mstari, akakitembeza polepole, neno kwa neno, kwa sauti yake ya shule ya msingi. Nabii anauliza kama mwanamke anaweza kumsahau mtoto wake anayenyonya. Anajibu kwamba naam, hata huyo anaweza kusahau. Kisha Mungu anasema kwamba Yeye hatamsahau mtu wake.

Bibi Hilana alimtazama Demiana, ambaye alikuwa akivuta maziwa macho kayafumba, hajui zaburi hata moja.

"Ameandika hivyo? Hata mama?"

"Hata mama, Bibi. Ila Mungu hawezi."

"Na kusahau kwangu mimi?"

"Hapa hakukuuliza unakumbuka nini. Anasema anavyokumbuka Yeye."

Ndege walishuka kwenye unga na hakuna aliyewafukuza. Bibi alinyoosha ule mkono mzito, akaushika mguu mdogo wa Demiana, akaubakisha pale. Uso wake, Mahrail anasema, ulikuwa kama wa mtu aliyefunguliwa mlango na mwenye nyumba mwenyewe. Yeye aliyewasomesha wengine maisha yake yote alikuwa amesomewa, akasadiki.

Kisha akamgeukia Mahrail, kwa adabu, kama wale wote waliokuja mlangoni pake kuuliza.

"Mwanangu," alisema, "hili nalo kesho litakuwa limenitoka. Njoo uniambie tena."