Maji ya Enkare Narok Ambayo Ramani Haikuyaona

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Mradi wa Ramani za Maji. Viongozi wa kata yetu ya Enguserosambu. Wazee wetu na akina mama wenzetu:

KARIBU KWETU
Sisi wachota maji wa kitongoji cha Enkare Narok tumefurahi kukuona. Tumesikia setelaiti yenu imepiga picha kote, na kule Qurus imeona hata kidimbwi cha bata. Hongereni sana.

TULIKOTOKA
Mgeni rasmi, maji yetu yamo ndani ya mchanga wa korongo hili. Bibi zetu walichimba visima kwa mikono, na kila kisima kina jina la mama aliyekianza. Enzi hizo tulishuka na punda tukiimba, mmoja kisimani akijaza vibuyu, wengine tukipokezana hadi kwenye hori la ng'ombe. Mchanga mbichi ulinukia vizuri! Siku hizi nyimbo zimepungua, binti zetu wana simu, na tukizikumbuka sauti zile machozi yanatulengalenga. Ila desturi moja hatujaiacha: ng'ombe wakishakunywa, kisima hufunikwa kwa matawi ya miiba, maji yasikaushwe na jua wala tembo wasibomoe.

YALIYOTUKUTA
Hapo ndipo tulipoponzeka. Setelaiti iliona miiba tu. Wataalamu wako walipokuja kuhakiki, tulikuwa tumeshafunika. Tukawachinjia mbuzi, wakala, wakaaga. Hakuna aliyekumbuka kuwafunulia, maana kwetu kisima hakifunuliwi kama hakuna wa kunywa. Ramani ikatoka: kwetu pakavu, na rangi ya bluu imepakwa kwenye mbuga ya magadi, yenye maji ambayo hata punda huyanusa akageuka. Birika la maji la mradi litajengwa huko, na Jumatatu malori yanakuja kuchota mchanga wa ujenzi katika korongo letu, eti halina kitu. Mchanga ukiondoka, maji nayo basi. Hatukufichi, mgeni rasmi, tunaogopa.

Kijana wetu Supeet alishauri, "Tufunue tu siku setelaiti inapita."

Koko Naisenya, bibi aliyetuzidi wote umri, akamjibu, "Na tembo utawaambia wasubiri picha? Hiyo setelaiti ikitaka kuona maji, ishuke na ndoo."

MAOMBI
Tunaomba malori yasimamishwe leo, kabla hujapanda gari. Tunaomba pia ufuatane na Koko hadi korongoni. Anatembea polepole, lakini anafika. Birika tunalitaka sana, ila lijengwe penye maji ya kunyweka.

Mgeni rasmi, tumekuona ukiisifu chai yetu na kuomba kikombe cha pili. Hakuna gari la maji lililofika hapa. Chai hiyo imepikwa kwa maji ya kisima alichochimba mama yake Koko, mahali ambapo ramani yako inasema pakavu.

Engai, Mungu wetu, akujalie mvua, watoto na ng'ombe, na akufikishe nyumbani salama.

Ni sisi,
Wachota Maji wa Enkare Narok.
Imesomwa na Nareyu, katibu wao.