Stuli ya Thelathini na Moja

Sogezeni viti, wanangu, mkae karibu, maana sauti niliyobakiwa nayo haifiki mlangoni; na wewe kitinda mimba chukua daftari lako uandike kama ninavyosema, usininyooshee maneno, kwa sababu nikisomwa kwa maneno mazuri kuliko yangu watu watajua mara moja kwamba si mimi. Mama yenu mwacheni hapo dirishani. Anajifanya anakunja nguo, ila sijaona shuka moja linalokunjwa robo saa nzima.

Kwanza mjue kwamba siogopi. Tangu Ijumaa nimelala usingizi ambao sikuupata kwa miaka arobaini na moja, na daktari akidhani ni dawa zake, mwacheni afurahi, naye ni mtoto wa watu. Vitu vya kugawa ni vichache, havichukui muda. Lipo jambo lililonikaa kifuani kuliko hiki kikohozi, na sitaki mlisikie siku ya mazishi kwa mtu mwingine akiliongezea chumvi.

Mnakumbuka sare zenu za shule. Wewe mkubwa ulivaa sketi iliyofagia vifundo vya miguu, na wewe mwanangu wa pili, suruali yako mguu mmoja ulifika shuleni kabla ya mwingine. Watoto wote wa mtaa huu walishonewa na Mama Ndoo, hapo ng'ambo ya barabara, hatua ishirini kutoka mlango huu, na nguo ziliwakaa kama wamezaliwa nazo. Nyinyi nikawapandisha mabasi mawili kwenda kwa fundi aliyepima kwa kukadiria. Mlipouliza, baba, una ugomvi gani na Mama Ndoo, nilisema hayo mambo ya wakubwa, mkakua mkiamini amenikosea, na wewe mkubwa ukaacha hata kumwamkia. Sasa andika, mwanangu, tena kwa herufi kubwa: yule mama hajanikosea kitu. Mimi ndiye niliyekuwa ninamkimbia.

Kabla sijamjua mama yenu nilikuwa utingo wa malori ya masafa marefu. Nimelala kwenye nchi ambazo ramani ya shule yenu ilizisahau, nimetukanwa kwa lugha saba na nikaomba msamaha kwa nane, na kusoma nilijifunza humo humo, kwenye makasha ya mizigo, maana utingo akishusha kasha lisilo lake analipia kwa mgongo. Halafu nikaanguka kutoka juu ya shehena, mguu ukavunjika vibaya, tajiri akanipa gongo la kutembelea na pole. Nikarudi mjini hapa na useremala niliofundishwa utotoni na mjomba, bila hata msumari wa kuuanzia.

Ndipo ukaja ule mradi. Miezi sita mnafundishwa kusoma na kuandika, mnafundishwa kazi ya mikono, na mwisho kila aliyefaulu anapewa vifaa vyake: seremala sanduku la zana, mshonaji cherehani. Ulikuwa mradi mzuri, nisisikie mtu anausema vibaya. Kasoro yake ilikuwa moja. Nikiwa kwenye foleni nililisoma tangazo ukutani, nikalisoma mara tatu kwa matumaini kwamba litabadilika: mafunzo haya ni ya wasiojua kusoma na kuandika tu. Umaskini wangu ulikuwa kamili, wanangu, haukupungukiwa kitu, ila haukuwa na fomu.

Karani akaniuliza, "Unajua kusoma?"

"Hapana, mkubwa."

"Kuandika?"

"Hata kalamu naiogopa."

"Weka dole gumba hapa. Wewe ni wa thelathini. Tumefunga!"

Nilipogeuka nikamwona aliyekuwa nyuma yangu, msichana mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi, yeye alichota maji ya kuchanganyia saruji kwenye majengo. Akaambiwa aje mwakani. Hakubishana. Aliokota ndoo yake, akanitazama, akasema, "Kaka, hebu niambie, hiyo karatasi ukutani inasemaje?" Nami niliyeisoma mara tatu nikamjibu, "Sijui, dada. Mimi mwenyewe kipofu wa herufi."

Nipeni maji kidogo.

Basi. Mwalimu alikuwa mama yenu, mwembamba kama rula, sauti kama ya mnadi wa mitumba. Na niwaambie, kujifanya hujui ni kazi ngumu sana kwa mtu anayejiona mwerevu. Nilishika kalamu kama ninashika nyoka. Nilitoa ulimi nje nikiandika, kwa sababu niliona wenzangu wanatoa. Wakati wengine wanapigana na herufi nne za "baba", mimi nilikuwa nimeshamaliza kusoma gazeti lililofungiwa vitumbua vya jirani yangu, na sikuthubutu kucheka kwenye vichekesho.

Wiki ya pili mama yenu aliitwa ofisi ya elimu ghafla asubuhi. Kwa haraka zake akabandika karatasi mlangoni: leo hakuna darasa, njooni kesho. Akaondoka. Mwalimu mzima, amewabandikia tangazo watu waliokuja kwake kwa sababu hawajui kusoma! Wenzangu ishirini na tisa walikuja, wakaona mlango umefungwa na karatasi nzuri juu yake, wakakaa ngazini kungoja hadi mchana. Mimi nilikuja na gongo langu, nikasoma, nikageuza, nikaenda zangu kulala.

Kesho yake akaniita mbele. "Fundi, jana mbona hukuonekana?"

"Nilifika, mwalimu. Nikaona..."

"Ukaona nini?"

"Nikaona mguu unaniuma."

Akauangalia mguu, halafu akaniangalia mimi. "Pole. Basi kwa sababu ya mguu huo, nitengenezee stuli moja ya darasa. Imara."

Nikadhani ni adhabu ya utoro. Nikaazima msumeno, nikaitengeneza kwa mbao za kasha, upande wenye maandishi nikauficha chini, nikaikabidhi, na sikuuliza ni ya nani. Mtu mwenye siri haulizi maswali.

Nikafaulu. Mtihani niliukosea mahali pawili kwa makusudi, nisionekane ninajidai. Zana nikapata, hii karakana ikaanza na randa ile ile mnayoiona, na mwalimu nikamuoa. Cheti changu akakitundika sebuleni, na kila mgeni akiingia anaambiwa, "Huyu nimemfundisha kusoma mimi mwenyewe," nami nainamisha kichwa, wageni wanasema huyu bwana ana unyenyekevu. Miaka mitatu ya kwanza ya ndoa nilisoma gazeti polepole, midomo inatembea, asije akanishtukia. Na kila asubuhi nikifungua karakana namwona Mama Ndoo ng'ambo, najua nilikalia nafasi yake, najiambia cherehani ile aliipata kwa tabu za peke yake kwa sababu yangu. Kwa hiyo ninyi mkavaa sketi za kufagia.

Ijumaa nikaona siwezi kufa nayo. Nikamwambia mama yenu, "Mke wangu, kaa chini, kuna jambo nimekuficha tangu zamani." Akakaa, akakunja mikono. "Yuko wapi, na ana umri gani?"

"Nani?"

"Huyo mtoto."

Nikamweleza yote, karani, dole gumba, tangazo. Halafu akaanza kucheka, akacheka hadi kitanda kikatikisika, na mbavu zangu mnazijua zilivyo. "Mume wangu, nilijua wiki ya pili. Nimewakuta watu ishirini na tisa ngazini wananilaani, nikauliza nani hayupo!"

"Sasa mbona hukunifukuza?"

"Nikufukuze uende wapi na gongo lako? Niliona rahisi kuongeza stuli kuliko kumtoa mtu."

Nikamwuliza stuli ya nani. Ya Mama Ndoo, yule wa foleni, aliyerudi kumwomba nafasi. Alikuwa akija alasiri, sisi wa asubuhi tumeshaondoka, akitoka kuchota maji, anakalia stuli yangu, anafundishwa peke yake. Mwezi wa nne muuza mkaa mmoja akaacha darasa akahama mji, nafasi yake akaandikwa yeye, akafanya mtihani wake, akapewa cherehani yake. Miaka yote hiyo! Nikamwambia mama yenu, ungenidokeza tu. Akasema alikuwa anangoja nimwambie mwenyewe, hakujua nitangoja hadi nilazwe, na kwamba naye alikuwa na kiburi chake, na kila sare mbaya aliihesabu ni faini yangu ila mliilipa ninyi. Kwa hilo sote wawili tunawaomba radhi. Ndiyo, mama, nimesema sote wawili, endelea kukunja.

Jumamosi huyo Mama Ndoo akaja, mliona wenyewe mkashangaa, amebeba stuli kiunoni. "Kaka, mguu wa stuli yako unacheza. Nimekosa fundi wa kuutengeneza, maana wa hapo ng'ambo alikuwa anajificha." Mkubwa akanishikia, nikachonga kabari, nikaipigilia humu humu kitandani, ndiyo kazi yangu ya mwisho, iko hapo pembeni gundi inakauka, muione. Nikamwambia, dada, siku ile uliniuliza karatasi inasemaje. Akanikatiza. "Nilishaisoma, kaka. Haikubanduliwa. Siku nilipoweza kuunganisha maneno nilikwenda pale ukutani, nikaisoma neno kwa neno hadi mwisho. Hakuna aliyenisomea. Unadhani ningekubali uninyang'anye siku hiyo ya kuisoma mwenyewe?"

Ndiyo maana nalala.

Sasa andika haraka, pumzi inapungua. Nyumba ni ya mama yenu. Karakana na zana ni za mkubwa, mikono yake ni mizuri kuliko yangu na sikuwahi kumwambia. Chumba cha nyuma asikipangishe; kiwe darasa, watu wafundishwe herufi asubuhi na randa mchana, na anayekuja asiulizwe hajui nini, aulizwe anataka nini. Wakiandikishwa kumi, viti viwe kumi na kimoja. Hilo ni sharti, si ombi.

Wewe wa pili, unayefanya kazi kwenye mradi, unayezunguka na ile tableti kuchagua watu, wewe nakupa cheti changu cha uongo. Kitundike ofisini. Na kila ukifunga orodha, nyanyua macho umwangalie aliyesimama nyuma ya wa mwisho. Umwangalie usoni.

Wewe unayeandika... wewe nakuachia daftari hili, na kicheko changu, kwa sababu naona unacheka na kulia kwa pamoja na ndivyo nilivyokuwa mimi.

Stuli irudisheni leo, kabla jua halijazama, aipeleke mkubwa, na amwamkie. Amwamkie vizuri.

Mungu awape kazi ya kuchosha na usingizi wa kutosha. Awape mtu wa kuujua uongo wenu... na asiwafukuze. Mama, acha shuka, njoo.

Niletee kalamu nitie sahihi. Hapana... vidole havishiki. Lete wino. Lete wino, mwanangu, usilie. Lishike dole gumba langu uliweke hapo chini. Safari hii linasema kweli.