Sauti ya Rossignol ni Ipi?

Kijiwe chetu cha Nguba kina ubao mmoja mrefu juu ya matofali, chupa za kahawa za maman Francine, na wanaume watatu ambao hawajawahi kukubaliana hata kama mvua inanyesha au hainyeshi. Wa nne ni mimi, niliyekuwa karani mpaka ofisi yetu ilipofungwa, na siku hizi kazi yangu ni kuwasikiliza, kazi ngumu kuliko ile ya kwanza. Jumamosi hiyo walikuwa na shughuli moja tu, rahisi kabisa. Mzee Jean-Baptiste, mwimbaji ambaye mji mzima ulimwita Rossignol, alikuwa amelazwa ndani ya jeneza nyumbani kwake, nyuma tu ya kijiwe, na saa nane mwili ungetolewa. Kwetu mwanamuziki hatoki nyumbani kimya. Jeneza likivuka mlango, unapigwa wimbo anaouimba mwenyewe, ili aage watu kwa kinywa chake. Dada yake, mama Domitille wa Nyantende, aliwaomba watu wa kijiwe wachague wimbo huo. Angeniuliza mimi kwanza, ningemkataza.

Télesphore alikuwa amepakata bafle, ile spika yake kubwa, na mguu wake ulikuwa hautulii. Tunamwita Disko kwa sababu anatunza kila wimbo uliowahi kupigwa Bukavu.

— Mama Domitille anasema isikuwe nyimbo ya pombe, na isikuwe ya bibi ya mutu. Sasa nibakie na nini? Rossignol hakuimbaka kintu ingine!

— Weka "Mvua ya Kabare," akasema Zagabe. Ile iko safi. Hata padri atacheza. Sisi tuliirekodi siku moja tu, bila kukosea.

Zagabe ndiye Kable. Alikuwa akibeba nyaya za orchestre ya Rossignol, na tangu msiba ulipoanza hasemi tena "wao," anasema "sisi."

— Sisi nani? akauliza Polycarpe.

Huyo ni Maître. Hajasoma sheria hata siku moja, ila hajawahi kukubali jambo kabla ya kulipinga.

— Sisi orchestre! Bale baimbaji bane, na mi.

— We ulikuwa unabeba kamba.

— Kable, Maître. Kamba ni ya mbuzi.

— Wazee, nikasema, wimbo. Saa inakwenda.

— Karani, usitukimbize, akasema Maître. Mbele ya kuchagua nyimbo, lazima tujue mutu amekufa juu ya nini. Huwezi kumusindikiza mutu kama hujui kintu yenye imemubeba.

Maman Francine akajaza vikombe bila kutuangalia.

— Sukari njo imemubeba. Kila mutu anajua.

— Sukari! Maman, sukari ni jina tu banapeaka familia ili watulie.

Kable akaruka juu.

— Minajua mi! Ni juu aliachaka kuimba. Mutu akizoea kuimba halafu aache, ile sauti haina njia ya kutokea. Inarudi mu mwili. Inakuwa nzito, inafunga damu. Rossignol alikuwa na sauti ya myaka mingi ndani, haijatoka!

— Unasema bongo, uongo tupu, akasema Disko. Ni ziwa. Walikuwa wanafanyia répétition, ile mazoezi yao, wapi? Hapa chini, pa maji. Na mu hii ziwa muko gaz, hata batoto wa masomo banajua. Mutu wa kawaida anapumua kidogo tu. Lakini mwimbaji anafunguaka kinywa yote! Ile gaz inaingia kama mutu anaingia kwake.

— Na wavuvi? nikauliza. Mbona wao wapo?

— Wavuvi banafungaka kinywa, juu ya samaki.

Nadhani hata samaki wangeikataa hoja hiyo. Pikipiki zikapita zikipiga honi. Disko akabonyeza, gitaa likalia kidogo, akazima. Akabonyeza tena, akazima tena. Ningeweza kumnyang'anya ile bafle.

Maître alikuwa anakoroga kahawa yake polepole, na Maître akikoroga hivyo ujue anatengeneza kitu kibaya.

— Mumemaliza? akasema. Basi musikilize. Mwaka jana, Pascal. Akafuata Déogratias. Kisha Pasaka, Benoît. Sasa Rossignol. Baimbaji bane wa kikundi moja, wote bameisha. Ile haiko magonjwa. Ile ni mukataba.

— Mukataba na nani? akauliza maman Francine.

— Kule juu kuko fête, sherehe kubwa. Banataka orchestre ya Bukavu. Wangewaita wote siku moja, huku chini tungeshituka. Basi banawaita moja moja. Leo wote bane bamefika, na bako tayari kupanda jukwaa.

— Yezu! akasema Disko.

— Lakini bado hawajaanza, akasema Maître. Orchestre haipigake bila kura, bila umeme. Micro iko, baimbaji beko, lakini nani atafunga kable?

Tukageuka wote kumtazama Zagabe. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Akakiweka chini.

— Mi sikukuwa mwanamuziki.

— Saa hii ulikuwa unasema "sisi"!

— "Sisi" ni namna ya kusema. Mi nilibeba tu. Kubeba haiko kuimba. Karani, si ulisikia? Mi nilibeba tu!

Tulicheka mpaka maman Francine akashika kiuno, na mimi nilicheka kuliko wote, kwa aibu kidogo, kwa sababu hofu ya Kable ilikuwa ya kweli na pale nyuma yetu wanawake walikuwa wanalia. Hapo ndipo binti mmoja alipotokea upande wa barabara. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi kichwani, na viatu vyake vilikuwa na matope ya njia.

— Bonjour, ba-papa.

— Bonjour, mwana. Karibu kahawa.

— Mi naitwa Aurore. Ninatoka kijiji ya Miti. Mama Domitille njo ananituma kwenu. Mi ni mutoto ya Jean-Baptiste.

Kicheko kikafa hapo hapo. Maître alikuwa ametusimulia asubuhi nzima viatu vya Rossignol, ugomvi wa Rossignol, kofia za Rossignol, mpaka chakula alichokipenda. Mtoto wa Miti hakuwa kwenye hadithi hata moja. Tukasimama wote, tukampa pole mmoja baada ya mwingine, na maman Francine akampa nafasi yake ya kukaa.

— Tuko tunatafuta nyimbo ya kumutoa papa yako, akasema Disko kwa sauti ya upole ambayo sikujua anayo. Tumeona "Mvua ya Kabare."

— Naweza kusikia?

Akaipiga. Ilianza na gitaa, kisha sauti zote nne zikaingia pamoja, kama walivyoimba siku zote, wamezunguka micro, hakuna wa mbele wala wa nyuma. Ni wimbo mzuri, mimi huwa unanitoa machozi. Binti aliinamisha kichwa karibu na spika, akasikiliza mpaka kiitikio kikaisha. Kisha akauliza:

— Papa ni sauti gani?

— Ile ya juu, akasema Maître.

— Ile ya chini, akasema Disko, wakati huo huo.

Wakatazamana.

— Maître, ile ya juu ni Déogratias! Kila mutu anajua!

— Déogratias alikuwa na sauti ya mbuzi mugonjwa. Rossignol ni ndege. Ndege inaimbaka chini?

— Jina haiko sauti! Pascal banamuitaka Simba na alikuwa mudogo vile!

— Sasa ile ya katikati ni ya nani?

— Ya katikati ziko mbili.

Binti alikuwa anawageukia kila mmoja anaposema, kama mtu anayeulizia njia kwa wageni. Mwisho akasema polepole:

— Mi sijamusikia akiimba. Alikuja Miti nikiwa mudogo, hakuimba, alikula tu akarudi. Mama Domitille na ye hasikilizake muziki ya dunia. Anajua sauti yake ya kuomba chumvi. Ameniambia, enda pa kijiwe, bale bazee banamujua kuliko sisi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi pia nilijifanya namjua. Nilikuwa na kanda zake zote enzi za kanda, na sikuwahi kujiuliza ipi ni yake.

Maître akamgeukia Kable.

— We ulikuwa nao. Kila siku ya kupiga, ulikuwa pale. Sema.

Kable akatazama mikono yake.

— Nilikuwa inje, Maître. Mutu wa kable njo analindaka groupe, ile mashini ya kura, juu isizime, juu isiibiwe. Myaka yote ile, wakiimba, mi nilikuwa inje. Nilisikiaka moteur.

Maman Francine aliinamisha chupa juu ya kikombe cha binti, yakatoka matone tu.

— Rudisha, akasema Aurore.

Disko akarudisha. Gitaa, kisha sauti nne. Binti alifumba macho. Kwenye kiitikio cha pili akainua kidole.

— Hapa. Musikilize. Watatu wanaingia pamoja, halafu kuko moja anakuja nyuma. Kidogo tu. Munasikia?

Tulisikia. Sauti moja ilikuwa inaingia wenzake wakiwa wameshatangulia, ikikimbilia neno. Nimeusikiliza wimbo huo tangu ujana na sikuwahi kuitambua.

— Huyu, akasema. Huyu njo papa.

— Unajuaje, mwanangu? nikamuuliza.

— Kila Noeli alikuwa anaahidi kuja. Mama alikuwa anamuwekea chakula chini ya sahani ingine. Alikuwa anafika mu janvier, kama anafika. Huyu njo ye.

Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anatabasamu. Nilimtazama Maître, kwa sababu niliona kinywa kinafunguka, na nikaogopa. Akamshika binti bega.

— Ndiyo, mwana, akasema. Njo ye.

Aurore akatangulia kwenda kumwambia shangazi yake kwamba wimbo umepatikana, na kwamba wauanzishe pale kwenye kiitikio cha pili, pale papa anapoingia. Alipokata kona, Disko akamsogelea Maître na kumwambia chini chini:

— Maître, ile ya kuchelewa mi nazani ni Benoît. Benoît alikuwa na shida ya kusikia.

Maître akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni.

— Tutabishana kesho, akasema. Leo beba bafle.