Aliyetukalisha Sote: Wasifu wa Mzee Kunja

Marehemu baba yetu, ambaye nyote mlimwita Mzee Kunja na wengi wenu hamkuwahi kumjua kwa jina jingine, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli. Alikuwa mtoto wa nne wa fundi seremala. Mimi ninayewasomea ni binti yake wa kwanza. Nimeahidi kutotia chumvi, ingawa yeye mwenyewe aliitia bila kupima.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Hesabu aliziweza, imla ilimshinda. Walimu walimkumbuka zaidi siku za mikutano ya wazazi, kwa sababu yeye ndiye aliyepanga madawati, na akimkuta mzazi amesimama alimwinua mwanafunzi mwenzake bila huruma.

Mwaka 1976 aliajiriwa kwenye karakana ya kuchomelea vyuma. Huko alijifunza kuunda viti vya kukunja, na mwaka 1981 akaanza kazi yake mwenyewe ya kukodisha viti na maturubai. Harusi alilipisha, tena bila aibu. Msiba hakulipisha hata mara moja. Tulipomuuliza sababu, alishangaa: "Mtu amefiwa, halafu na mimi nimdai?" Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba shughuli ikiisha kila mtu akunje kiti chake. Alizunguka katikati ya watu akihimiza, "Kunja, bwana. Kunja, mama," hadi jina likamganda. Kuna mheshimiwa mmoja aliyewahi kukunja huku walinzi wake wakimtazama.

Mama alimpata kazini. Ilikuwa harusi ya dada yake mama, wageni wameshaondoka, na kiti kimoja kilikuwa bado kimekaliwa na msichana aliyevua viatu.

"Dada, naomba kiti changu."

"Subiri miguu ipoe."

Akasubiri. Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1984, na mama anasema miguu haijapoa hadi leo.

Mwaka 2012 vidole vyake vilianza kukakamaa. Ngozi ilibana, mikono ikakataa kufumba, kisha pumzi nayo ikawa fupi. Madaktari walieleza kwamba kinga ya mwili wake ilikuwa inamshambulia mwenyewe. Miaka mitano alikunywa dawa, lakini viti vikawa vinakunjwa na wengine, naye akivitazama kwa wivu. Ndipo daktari wake akatuambia kuhusu matibabu ya seli shina nje ya nchi: zinachukuliwa kwenye damu yake, ile kinga iliyoharibika inafutwa kwa dawa kali, kisha seli zinarudishwa mwilini zianze upya. Hakutuficha kwamba ni matibabu ya hatari na huenda yasifanikiwe. Gharama ilitutoa jasho. Tulipopendekeza kuuza viti, baba aliwaka. "Mkiuza viti, watu walie wamesimama?" Akasema hatakwenda kokote, na mjadala akaufunga.

Tukala njama. Tuliandaa harambee ya siri katika ukumbi wa shule ya msingi, Jumamosi tarehe 8 Julai 2017, tukamwambia ni sherehe ya kumuaga mwalimu mkuu. Lakini viti je? Vya kwake tusingeweza kuvitoa stoo bila yeye kujua. Kwa hiyo tulikodi kwa Mzee Plastiki, mshindani wake wa miaka yote. Hawa wawili walikuwa paka na panya.

Baba aliingia, akasimama mlangoni. Hakuwaona watu, aliona viti. Akaanza kuvikagua kimoja kimoja kwa kiwiko, kwa kuwa vidole vilikuwa haviwezi.

"Hiki mguu umepinda. Asikae mtu hapa."

"Kizima hicho!" Mzee Plastiki akadakia kutoka nyuma. "Wewe umezoea chuma tu." Akaja, akakikalia ili kuthibitisha. Mguu ukakatika, naye akaenda chini mzimamzima.

Baba alicheka hadi akashikilia ukuta. Alipopata pumzi ndipo alipowatazama waliojaa ukumbini, mmoja mmoja, akawatambua. Karibu wote aliwahi kuwapelekea viti siku walipofiwa. Akaelewa wamekuja kufanya nini. Akalia mbele za watu, na sisi tukalia. Kisha akasema, "Basi nitakwenda. Siwezi kufa nikauachia mtaa mzima viti vya huyu." Mzee Plastiki naye alirudisha kodi yote kwenye mchango, akakata tu bei ya kiti kilichovunjika.

Alisafiri Oktoba mwaka huohuo. Alirudi hana unywele hata mmoja, amekonda, na miezi ya mwanzo tulimhofia sana. Lakini mwaka uliofuata vidole vililegea. Siku aliyokunja kiti kwa mkono wake mwenyewe alikunja vyote vilivyokuwa stoo, akavikunjua, akavikunja tena. Tulipata kuwa naye miaka saba zaidi, na ninawashukuru kwa kila mmoja wa miaka hiyo.

Mwezi uliopita mapafu yalichoka. Alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 10 Oktoba 2024, mama akiwa amemshika mkono, na mkono ule ulikuwa laini.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na mshindani mmoja. Safu za mbele mmekalia viti vya baba. Safu za nyuma ni vya Mzee Plastiki, aliyevileta alfajiri bila kuombwa na amekataa malipo. Yuko pale nyuma, amesimama, kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, viti vyake anavijua.

Baada ya sala ya mwisho, tafadhali kila mtu akunje kiti chake. Mwenye cha plastiki akibebe tu.

Pumzika kwa amani, Baba. Usiinuke. Leo tutakunja sisi.