Mfaume Chilumba, Mtu wa Visahani

Baada ya miaka kumi na saba ya kupokea wageni, kufuta meza na kuwahakikishia watu kwamba pilipili ile haiui, Ndugu Mfaume Chilumba, mhudumu mkuu wa Mgahawa wa Pweza Mwekundu, Tegeta, anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Mimi, Zubeida wa kaunta, nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu, kama walivyosema wenzangu, ndiye mtu ninayebishana naye kuliko wote.

Mfaume ni mzaliwa wa Lindi. Aliuza supu ya pweza Temeke kabla ya kuajiriwa na mwenye mgahawa, Mama Sunja, Mkorea aliyekuja Dar es Salaam na mapishi ya mama yake na Kiswahili cha kuokoteza sokoni. Wiki ya kwanza waligombana. Mfaume alimlainisha pweza kwa kumpondaponda, kama wanavyofanya kwao; Mama alimsugua kwa chumvi na unga, taratibu, kama anaogesha mtoto. Mwisho wakakubaliana Mfaume aponde, Mama asugue. Pweza huyo akishakaangwa kwenye rojo la pilipili nyekundu, hata asiye na meno anaagiza sahani ya pili.

Tatizo ni kwamba wateja hawakuja. Watu waliona maandishi ya Kikorea mlangoni wakaamua bei ni ya watalii, ilhali sahani yetu haikuzidi chipsi kuku ya jirani. Wachache walioingia waliogopa visahani. Kwa Wakorea, ukiagiza chakula unaletewa na visahani vya bure: kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, mwani, dagaa waliokaangwa kwa sukari. Kikiisha kimoja, kinajazwa tena. Wateja wetu walidhani vitaingia kwenye bili, wakawa wanavisogeza pembeni kama vina umeme. Mwaka haujaisha, Mama akaanza kupanga masufuria kwenye maboksi ili arudi kwao. Sote tungekosa kazi, na Mfaume alikuwa na watoto wanne shuleni. Aliogopa, na hakuficha.

Ndipo ikaja Jumamosi ile. Familia moja ya Tabata iliwaleta wakwe zao wa Kipawa kula pamoja baada ya kukubaliana mahari. Mkubwa wa wageni alikuwa Mzee Kornelio, mjomba wa binti. Kwake yeye, kubakiza chakula ukweni ni dharau, kwa hiyo alimaliza kila kisahani. Mfaume naye alikuwa na amri ya Mama: kisahani kitupu maana yake mgeni bado ana njaa. Akajaza. Mzee akamaliza. Akajaza tena. Dagaa wa sukari walikwenda na kurudi mpaka mzee akalegeza mkanda, kisha akamvuta Mfaume shati na kumnong'oneza:

"Mdogo wangu, hapa ni ukweni. Nikiacha nimewadharau, nikimaliza unaleta. Sasa we unatakaje?"

Mfaume akageukia jikoni. Mama alikuwa amesimama mlangoni anafuta machozi ya furaha, kwa kuwa hajawahi kuona mtu akipenda chakula chake namna hiyo. Kumwambia ukweli kungemvunja moyo. Kunyamaza kungemmaliza mzee. Mfaume akaingia stoo, akayatoa masufuria kwenye maboksi, na mahali pake akapanga vyombo vya plastiki vyenye kimchi, mwani, dagaa na chapati za ngisi. Akatangaza kwamba Mama anawafungashia wakwe zawadi ya nyumbani. Mzee Kornelio alishukuru kwa sauti ya mtu aliyeponea chupuchupu.

Kesho yake majirani wa mzee walifika kutoka Kipawa wakiulizia dagaa watamu. Wiki iliyofuata wakaja na ndugu zao. Mama alipoyatafuta maboksi yake hakuyaona, na hakuna aliyejishughulisha kumsaidia kutafuta.

Tangu hapo Mfaume amefanya mengi. Alimshawishi Mama akubali ugali ukae meza moja na pweza, jambo lililochukua miaka miwili na kununiana kwingi. Amefundisha nusu ya Tegeta kula kwa vijiti, na nusu nyingine amewaletea maji ya kunawa bila kuwacheka. Wahudumu wote tulionao leo wamepita mikononi mwake, na wote wanatembea kama yeye, mkono mmoja mgongoni. Kasoro yake ni moja tu: hajawahi kuamini kwamba mtu ameshiba.

Juzi Mama alimwahidi kwamba akishastaafu atakula hapa bure kila Ijumaa. Alikataa mbele yetu sote.

"Shukrani, Mama, lakini ntalipa. Miaka yote hii nimesikiliza malalamiko ya wateja. Na mie nataka kulalamika."

Mama alicheka sana, kisha akaingia jikoni na kukawia. Tulipomfuata tulimkuta analia juu ya beseni la pweza, akiendelea kusugua.

Ndugu Mfaume, asante kwa kazi zetu, ambazo bado tunazo. Meza ya dirishani ni yako, nami nitakuwa kaunta nikilisubiri lalamiko lako la kwanza. Tunakuombea afya, mapumziko ya kutosha, na njaa ya kukuleta hapa kila Ijumaa.