Shangazi Taratibu na Saa Inayotazama Ukuta

Baada ya miaka thelathini na minne katika wodi ya wazazi, muuguzi mkunga tunayemwita Shangazi Taratibu anastaafu leo Ijumaa, tarehe 30 Juni. Wauguzi wakubwa wamenipa mimi kazi ya kuandika, eti nimetoka shule juzijuzi na bado nakumbuka insha. Mimi ni mfua shuka na mwosha vikombe wa wodi. Nitajaribu.

Alianzia chumba cha kujifungulia. Mara mbili alipandishwa cheo akapelekwa ofisini, mara mbili akaomba kurudi, akisema ofisini hakuna harufu ya watoto. Ndipo alipopewa kile chumba kidogo cha mwisho, chenye viti vitatu na dirisha moja, akakifanya chumba cha kunyonyeshea.

Anayeingia humo kwanza hushangaa saa. Imetundikwa ikitazama ukuta. Shangazi aliigeuza mwenyewe, kwa sababu kina mama wapya walinyonyesha macho yakiwa kwenye mishale, na mtoto akisinzia kidogo walidhani wameshindwa. Mkaguzi mmoja alipouliza kwa nini saa imetupa mgongo, alijibiwa kwamba saa hiyo ina adabu, kina mama wamefungua vifua. Mkaguzi alitoka mbio, kalamu akaisahau. Hasara ya kuigeuza saa ni kwamba sisi wa chumba kile tumezoea kukuta chai imepoa.

Kabla ya kumgusa mama, Shangazi huloweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu. Kisha huketi kwenye kigoda, maana mama aliyejifungua, anasema, ameshatazamwa kutoka juu vya kutosha. Hamsukumi mtoto kichwa. Husubiri kinywa kifunguke. "Taratibu, mwanangu. Huyu hana gari la kuwahi." Mama mkwe mmoja aliingia na chupa ya maziwa mkobani kama silaha. Shangazi akampa kazi ya kushikilia mto, na yule mama akaondoka akijisifu kila mlango kwamba yeye ndiye aliyemnyonyesha mjukuu.

Mwezi uliopita dada yangu alijifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa mdogo mno, hakuweza kushika ziwa, akawa analishwa kwa kikombe. Dada alikamua maziwa kwa mkono huku akimtazama mama wa kiti cha pili, ambaye mtoto wake alinyonya mpaka akasikika. Siku moja alisema yeye ni ng'ombe tu wa kukamuliwa. Shangazi hakubishana naye. Alimlaza mtoto kifuani pa dada, ngozi kwa ngozi.

"Mwache akujue kwanza," akamwambia. "Kukujua nako ni kazi."

Kila siku mtoto alilamba, akageuza uso, akalala. Siku za Shangazi nazo zilikuwa zinakwisha. Dada alitamani jambo moja tu, mtoto ashike ziwa Shangazi akiwepo. Jumanne, zamu ya mwisho ya Shangazi, nilimwona akiinua mkono kuigeuza saa, kisha akaurudisha mfukoni. Alibaki mpaka wenzake wakamfukuza kwa utani, wakisema mumewe atawashtaki kwa kumficha.

Jumatano mchana kigoda kilikuwa kitupu. Dada aliloweka mikono, akamweka mtoto kifuani, akasubiri. Mtoto alifungua kinywa kama anayepiga miayo, akashika. Taya zikaanza kwenda. Nilimsikia akimeza.

"Shangazi yuko wapi?" dada akauliza huku machozi yakimtoka. Mtoto alinyonya kwa muda gani hatujui, hakuna aliyeitazama saa.

Shangazi, hiyo ndiyo habari tuliyokuwekea mpaka leo. Ananyonya. Jana alisahau kidogo, ikabidi tuanze upya, na dada akakitazama kigoda chako kama anayekusubiri urudi kutoka kunawa mikono.

Asante kwa kila mama uliyeketi miguuni pake. Nenda kapumzike salama, chai yako uinywe ingali moto. Kigoda hatujakiondoa. Saa hatutaigeuza.